Ndege Inayokubali Kisu

Jamani, imefika! Boksi refu, jepesi kiasi cha kutia wasiwasi, limeingia Moshi kwa njia ileile inayoleta kila kitu kizuri mwezi Desemba: mkononi mwa ndugu anayerudi kula Krismasi. Binamu yangu anaishi Stuttgart, na Mchaga hata akihamia mwezini, Desemba lazima apande kihambani, kwenye shamba la ukoo. Safari hii, katikati ya chokoleti za watoto na koti la baba mkubwa, alinibebea EasyStar ya Multiplex, ndege ya umeme ya kuongozwa kwa rimoti, ikiwa vipande vipande. Betri alikaa nazo kwenye begi la mkononi njia nzima kama mtu aliyebeba mayai, maana betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Naandika haya huku gundi imekaukia kwenye vidole vitatu. Nimeijenga, nimeirusha, nimeiangusha, nimeipasua, nimeirusha tena. Na sitakuzungusha: ni tamu! Tamu hadi usiku naamka kwenda kuiangalia ukutani ilikoning'inia. Ila utamu wenyewe hauanzi boksi linapofunguliwa. Unaanza pale unaposhika kisu.

Lakini tulifungue kwanza. Unakutana na foamu nyeupe, na usidhani ni ile ya kukingia TV, inayomeguka punje punje na kutapakaa sebule nzima. Hii ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea, halafu inarudi taratibu kama andazi la moto. Wenyewe wanaiita Elapor. Mabawa mawili yakiunganishwa yanatoka sentimita 137 ncha hadi ncha. Kwenye meza yangu yalitokeza pande zote mbili, na mke wangu akahamisha chupa ya chai bila kuambiwa. Kiwiliwili kimekuja nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kama samaki aliyepasuliwa tayari kwa kukaangwa, na ndani kimeshachongwa vijumba: hapa sevo (vimota vya kusogeza mkia), hapa betri, hapa pa kupitishia waya. Unaweka kitu na kinakaa. Klik!

Mota haikai puani. Inakaa mgongoni, nyuma ya mabawa, ikitazama mkiani, na panga lake linasukuma badala ya kuvuta. (Panga ni lilelile la feni, pangaboi ilitufundisha neno hilo kabla hatujaota kuwa na ndege.) Kwa wazo hilo peke yake mimi ningelinunua boksi zima. Utatua kwa pua, nakuhakikishia, tena mara nyingi, na panga halitagusa ardhi hata siku moja.

Toleo langu halikuja na mota, sevo wala risiva ya kupokea amri za rimoti. Unatafuta mwenyewe, na kwangu hiyo ni sehemu ya sherehe. Sevo mbili za gramu tisatisa, mota isiyo na brashi ya 1,400 kv, kidhibiti mwendo cha ampea 30, risiva ndogo kuliko kiberiti. Hiyo kv isikutishe: maana yake mota inazunguka mara 1,400 kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Betri yangu ni ya seli tatu, volti 11.1, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: zaidi ya mizunguko 15,000 kwa dakika. Kwenye kitu kinachotoshea kiganjani! Uingereza, tarehe 30 Juni 1957, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege yake ya mfano, Radio Queen, kwa umeme na redio, akitumia betri za fedha na zinki, na hadi leo safari ile inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kuandikwa rasmi. Namfikiria yule mzee na betri zake, kisha naiangalia hii yangu ya gramu 180 yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, na namwonea huruma kidogo.

Gundi ni ya sekunde, hii supaglu ya dukani. Unapaka, unabana, unahesabu hadi kumi, umemaliza. Ukikosea, umekosea milele. Nilibana nusu mbili za kiwiliwili, nikashangilia, nikapiga picha, nikamtumia binamu. Kisha nikaona sevo moja ya mkia imekaa mezani, kando ya kikombe, inanitazama.

Hapo ndipo nilipokata kwa mara ya kwanza. Nilichukua wembe, mikono inatetemeka, nikafungua dirisha ubavuni mwa ndege mpya ambayo ilikuwa haijamaliza hata saa mbili duniani. Nikapenyeza sevo, nikarudisha kipande changu, tone moja la gundi, nikasugua kwa msasa mlaini. Ukipitisha kidole husikii kitu. Nilikaa nikaiangalia muda mrefu. Kitu kinachopona hivi kinakuambia wazi kwamba kazi bado haijaisha, endelea.

Kulehemu nilimpelekea fundi simu wa hapa mtaani kwetu Njoro, maana mkono wangu kwenye risasi ni wa kuunguza nyumba. Aliiinua ile mota, akaizungusha kwa kidole, akasikia sumaku zinavyogoma na kuachia, akatabasamu.

"Mangi, hii drone?"

"Hapana fundi, ndege."

"Si yote yanaruka?"

Sikuwa na jibu la maana. Alichomelea waya tatu za mota na plagi ya betri kwa dakika nne, risasi inang'aa, bila uvimbe hata mmoja. Kisha akanishauri niachane na betri za kuagiza, anifungie seli za laptop mbovu, anazo kopo zima. Nilitamani. Lakini seli nyingi za laptop zimezoea kutoa umeme polepole, saa mbili tatu, na mota yangu wakati wa kupaa inadai ampea 13 kwa mkupuo. Zingepata moto na kuzimika ndege ikiwa juu ya mti. Nilimwambia anibakizie kwa taa ya kambi.

Sasa tuje kwenye hewa, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu watu wa Moshi hatufundishwi jambo hili na linatuhusu kuliko watu wa Tanga. Njoro iko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu tayari ni nyepesi. Ongeza joto la Februari mchana, nyuzi 30, na hewa inatanuka zaidi. Nimepiga hesabu: kwa saa kama hiyo hewa ya hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko ile ya ufukweni siku ya nyuzi 15, ambayo ndiyo kipimo cha vitabu vya urubani. Bawa linajiona liko mita 1,500! Kwa maneno ya mkononi: kasi ambayo chini yake ndege inakatika na kuanguka inapanda kwa kama asilimia 8, na panga lilelile, likizunguka vilevile, linasukuma kwa nguvu pungufu.

Dawa ni panga kubwa kidogo, na hapo ndipo kipima wati kinapokuwa rafiki kuliko ndugu. Panga likitoka inchi 6 kwenda 7, mzigo kwa mota unakaribia kuongezeka maradufu kama mzunguko haukupungua. Hewa yetu nyepesi, hapohapo, inapunguza mzigo huo. Yaani kilema kinageuka kuwa nafasi. Nilijaribu mapanga matatu uani, ndege nimeifunga kwenye mguu wa stuli, kuku wamekimbilia kwa jirani. La tatu likanipa ampea 13 kwa volti 11.2, wati 145 na ushei. Kwa ndege ya kujifunzia, wati 150 kwa kilo zinatosha kabisa, na yangu haikufika kilo. Kabla ya kulifunga ilinibidi nipunguze foamu ya mgongoni milimita tatu ili panga lisikwangue. Kisu tena. Mkato wa pili.

Wa tatu ulikuwa tundu la hewa chini ya pua na jingine nyuma, ili kidhibiti mwendo kipumue. Bila hilo, kwa joto la huku, ukikigusa baada ya dakika tano unarudisha kidole haraka.

Halafu nikaharibu.

Niliona spoku. Fundi baiskeli alikuwa ananyoosha ringi, spoku zimelala chini zinameta, milimita mbili kamili, na akili ikaniambia: hizo ndizo fimbo za kusukumia mkia! Waya nyembamba zilizokuja na boksi nikaziona za kitoto. Nikanunua mbili kwa bei ya chai na andazi, nikapinda ncha kwa plaizi, nikazifunga. Imara ajabu. Mkiani nikamwaga gundi ya moto bila huruma, na juu yake nikapaka rangi ya chungwa ili ionekane kwenye mawingu. Ndege nzuri jamani, ya kupeleka harusini. Nikaenda kuipima kwenye mzani wa dukani kwa Mangi, ule wa sukari. Kitabu cha ndege kinasema kama gramu 700. Mzani ukaandika 791.

Ningepaswa kushtuka. Mimi nilikuwa nawaza picha.

Kuhusu pa kurushia, tusemezane kama watu wazima. Njoro kwenyewe sirushi, na wewe usirushe. Uwanja mdogo wa ndege wa Moshi uko jirani, na ndege zinazoshuka pale zina watu ndani. Tena Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina kanuni tangu 2018 za vyombo vya anga visivyo na rubani ndani, na inataka usajili na kibali. Usijidanganye kwamba kwa kuwa ya kwako ni foamu haikuhusu. Fuatilia karatasi kwanza; zinachosha, ila zinachosha kidogo kuliko kueleza polisi. Mimi huenda kwa bodaboda hadi kijiji kimoja cha tambarare, mbali na viwanja, mabawa nimeyafunga mgongoni kwa khanga, kwenye shamba la mahindi lililokauka linalongoja masika. Mwenye shamba ni mzee wa makamo ya babu yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo hilo limdoli lako?"

Nilimweleza kwamba limdoli la namna hii, la foamu, la kurushwa kwa mkono na kusukumwa na kimota cha umeme, ndilo lililopiga picha za Zanzibar kutoka angani mwaka 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha huko, SUZA, wakiwa miongoni mwa waliozirusha ndege aina ya eBee kwa ajili ya ramani mpya ya visiwa. Nikamweleza na ile drone iliyobeba dawa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe mwaka 2018, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi. Akanisikiliza yote. Akasema, "Haya, rusha tuone," akakaa juu ya jiwe.

Nikairusha. Ikapaa! Ikapaa, ikaendelea kupaa, pua juu kama mtu anayetafuta panya darini. Ikasita. Ikaanguka. Ikashika kasi, ikainuka tena, ikasita tena, mawimbi juu ya mawimbi. Kila nikiirekebisha nachelewa. Mkia ulikuwa mzito, na mkia mzito hauna mjadala. Gramu kumi kule mwisho zinadai gramu nyingi zaidi puani ili mizani ikae sawa, kama mtoto aliyekaa ncha ya bembea ya ubao na baba mtu yuko karibu na katikati. Nilikuwa nimeijaribu mizani mezani, ndege juu ya ncha za vidole viwili chini ya mabawa, lakini kabla ya gundi na rangi. Wimbi la nne lilikuta ardhi.

Pua ilibonyea hadi ikawa kama ya mbwa koko aliyepigwa mlango. Mzee hakucheka. Alisema tu, "Ina uji ndani?"

Na sasa sikiliza, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayomsimulia kila mtu, hata asiyeuliza. Nilikuwa na chupa ya maji ya moto, ya kahawa. Nilikuwa nimesikia kwamba foamu hii ina siri, na sikuwa na cha kupoteza. Nikamimina maji taratibu juu ya ile pua. Ikaanza kuvimba. Mbele ya macho yetu! Mikunjo ikajaa, punje zikatanuka, pua ikarudi mahali pake kama chapati inayofura kwenye kikaango. Haikurudi laini kama mwanzo, imebaki na ngozi kama ganda la chungwa. Lakini umbo limerudi. Mzee aliondoka kwenye jiwe lake akaja kuishika. Ufa nikauziba kwa supaglu na kijiti cha mishikaki nilichokichomeka ndani kama mfupa, na tukanywa kahawa ya maji yaliyobaki, vikombe viwili nusu nusu.

Nyumbani nilizing'oa spoku kimyakimya nikarudisha waya za boksini. Waliozichagua walijua wanachofanya. Gundi ya mkiani nikaibandua kwa kisu, rangi nikaisugua ikabaki mistari miwili tu, na kwa gramu nilizookoa nikajinunulia kitu ninachokihitaji kweli: chini ya tumbo nikabandika ukanda wa plastiki nilioukata kwenye dumu la njano la mafuta ya kupikia. Mashamba yetu yana vijiwe vya volkano, vyeusi, vikali kama msasa namba moja. Bila kiatu hicho tumbo lingekwisha kwa mwezi. Mzani wa Mangi ukasema 738. Vidole viwili chini ya mabawa: imelala sawa, pua imeinama kidogo tu, kwa adabu.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Huo ndio wakati wake hapa kwetu. Hewa bado ni ya baridi na nzito, upepo wa mlimani umetulia na ule wa mchana unaopanda haujaamka. Kibo ya Kilimanjaro ilikuwa wazi, nyeupe juu, bluu chini. Mswisi Walter Mittelholzer aliipiga picha kutoka kwenye ndege yake mwanzoni mwa 1930, na bila shaka aliona vizuri kuliko mimi, ila yeye hakuijenga mezani ndege yake.

Nikaikagua, rimoti nikaiacha na mzee hatua thelathini nyuma, yeye akisogeza vijiti na mimi nikitazama mkia kama unatii. Unatii. Nikachukua rimoti, nikaishika ndege tumboni, moto robo tatu, nikaisukuma mbele, usawa, bila kuitupa juu.

Ikaenda. Iliniponyoka mkononi kama iliyokuwa inachelewa kazini. Kwanza ikainamisha pua kidogo, na hilo nilikuwa nalingoja: mota iko juu kuliko bawa, kwa hiyo ukiongeza moto inasukuma kichwa chini, ukipunguza kichwa kinapanda. Ukishalijua, kidole gumba cha kulia kinajibu chenyewe. Baada ya hapo sikuwa na kazi. Nilipunguza moto hadi nusu, ikawa inazunguka shamba kwa sauti ya nyuki mmoja. Nikazima mota kabisa, na ikaendelea! Inaelea, inashuka kwa uvivu, mabawa yanang'aa kwa jua la upande. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, lakini mzee amenikumbusha na siwezi kuandika.

Dakika ya sita akatokea mwewe. Alikuja kutoka upande wa migunga, akaipita juu, akageuza kichwa, akaanza kuifuata. Nilikuwa tayari kuiondoa, maana mwewe akishuka na kucha, bawa la foamu ni karatasi. Hakushuka. Alikaa kulia kwake, mita chache, wakazunguka duara mbili nzima, ndege na ndege, huyu anakunja ncha za mabawa yake kila anapotaka kugeuka na hii yangu inavuta mkia kama mkokoteni. Kisha akaona haina nyama, akaenda zake.

Dakika ya kumi na nne king'ora cha betri kililia, volti 3.6 kwa seli. Nikaileta kwa tumbo. Dumu la mafuta likaimba juu ya vijiwe, krrrr, ikasimama hatua nane kutoka miguuni kwangu. Nzima! Hakuna hata mkwaruzo.

Nimekuwa nikiifikiria ile namna mwewe alivyogeuka. EasyStar yangu ina eleveta na usukani wa mkiani peke yake; ikitaka kulala upande inangoja mkia uivute. Ukitaka igeuke kama alivyogeuka yule, inabidi ukate kipande cha ukingo wa nyuma wa kila bawa, kiwe eleroni, na ndani ya bawa uchimbe kijumba cha sevo. Watu wamefanya hivyo duniani kote. Sevo mbili nyingine ninazo. Gramu 18, ukijumlisha na waya 25, na zinakaa karibu na katikati kwa hiyo mizani haitalalamika.

Mabawa yapo mezani sasa hivi, yamegeuzwa tumbo juu. Nimechora mstari kwa penseli na rula, sentimita nne kutoka ukingoni. Mke wangu amesimama mlangoni, anauliza kama ni hii hii iliyoruka vizuri jana. Nimemwambia ndiyo, ndiyo hii. Amehamisha chupa ya chai. Nimebadilisha wembe, naweka mpya.